Nilipita, Sikukukuta

Hotuba niliyoitoa Dar es Salaam katika mkutano wa mwaka wa sisi tuliosoma chuo kimoja cha ualimu, nikiwa nimeipunguza kidogo kwa ajili ya kusomwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Ndugu zangu, na vijana mliochagua viti vya karibu na mlango, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya urafiki katika mji huu na juu ya chombo ambacho kila mmoja wetu amekuja nacho mfukoni. Nilifundisha Jiografia kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo mtanivumilia nikizungumzia sana barabara na umbali. Kabla ya hapo, niwaeleze lililonipata mwezi Aprili, maana ndilo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Ilikuwa Jumamosi. Niliondoka nyumbani Goba kwenda Chanika kumwona rafiki yangu ambaye tumejuana tangu mwaka 1988, tulipopangiwa kufundisha shule moja. Sikumpigia simu. Sikuwa na nia ya kumshtukiza. Salio lilikuwepo na chaji ilikuwepo, ila nilipopanda gari la kwanza nilijiambia kwamba nitampigia nikifika Gongo la Mboto, na nilipofika Gongo la Mboto nikajikuta nimebanwa mlangoni kati ya mama mwenye ndoo ya dagaa na kijana mwenye godoro, mkono hauwezi kushuka mfukoni. Nikafika hivyo hivyo. Nikagonga geti kwa sarafu. Aliyefungua ni mke wake, amejifunga kanga, mikono imejaa unga wa ngano. Aliponiona alirudi nyuma hatua moja, akaweka mkono kifuani pamoja na unga wake, akasema: "Shemeji! Nani amefariki?"

Nilipomhakikishia kwamba sote tu wazima, aliuliza kama naumwa. Nilipokana ugonjwa, nilimwona machoni kwamba anahesabu fedha zilizopo ndani, akidhani nimekuja kukopa na ninaona haya. Rafiki yangu mwenyewe alitoka chumbani ameshika simu, anapekua kama kuna mahali nimempigia asipokee. Ilichukua robo saa na kikombe kizima cha chai kabla nyumba ile haijaamini kwamba nimekuja kuwasalimu, basi.

Siwalaumu hata kidogo, kwa sababu njiani wakati wa kurudi nilijiuliza ningefanya nini mimi kama ni yeye angetokea getini kwangu bila taarifa, na jibu lilikuwa lile lile. Ningeuliza nani amefariki.

Sasa turudi mwaka 1988. Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba kimoja Magomeni Mapipa, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Yeye alipanga Ilala. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 1,360,850 katika mkoa mzima wa Dar es Salaam, na kwa kijana mwenye miguu mizima mji ulikuwa unatembeleka: nilikata Jangwani, nikapita Kariakoo, nikatokea kwake nikiwa bado sijachoka. Daladala zilikuwepo, ambazo jina lenyewe zililipata kwa nauli ya shilingi tano, sarafu tuliyoiita dala, lakini mshahara wa mwalimu ulikuwa na matumizi mengine ya dala hizo.

Simu hatukuwa nayo. Ilikuwepo mezani kwa mwalimu mkuu, imefungwa kufuli dogo kwenye duara la kuzungushia namba, na zilikuwepo zile za Posta na Simu ambazo mtu alikwenda akiwa na jambo kubwa kweli. Habari za vifo tulizisikia kwenye matangazo ya Radio Tanzania, mtu akinyanyua mkono kuwanyamazisha wengine ili jina lisimpite. Hakuna aliyewahi kuwaza kupiga simu ili kuuliza kama rafiki yuko nyumbani. Ulikwenda.

Ukienda, mambo yalikuwa matatu. Unaweza kumkuta. Unaweza kumkuta katika hali ambayo hakupenda akutwe nayo, amelala mchana, au wamenuniana na mkewe na sahani zinawekwa mezani kwa kishindo. Na hapo ndipo ulipomjua mwenzako kuliko ulivyomjua kazini. Au unaweza usimkute kabisa. Hilo la tatu ndilo nataka tulikalie kidogo, kwa sababu ndilo lililopotea pasipo mtu kulililia.

Usipomkuta mtu hukugeuka tu ukaondoka. Barazani palikuwa na watu: mama mwenye nyumba anachambua mchele, fundi viatu, wazee wawili wanaocheza bao na kijana anayejifanya anajua kuliko wote wawili. Ulikaribishwa, ukakaa kidogo, ukanywa maji, ukaulizwa habari za kwenu, kisha ukaacha neno: "Mwambieni nilipita, sikumkuta." Jioni mwenzako akirudi, neno lile alilipata likiwa limenenepa. "Alikuja yule rafiki yako mrefu, amevaa shati la kitenge, anakohoa kidogo, amekungoja mpaka adhuhuri." Safari yako ya bure ilikuwa imeandikwa na watu watatu au wanne kama mashahidi, na mwenzako alikuwa na deni. Jumapili inayofuata ungemwona anakuja kulilipa, na pengine naye asikukute, nalo lilihesabiwa vilevile.

Nasema lilihesabiwa. Kumkosa mtu kulikuwa ni kumtembelea. Ule mwendo wa Jangwani juani, kwenda na kurudi, haukuzaa mazungumzo wala chakula, lakini mwenzako alijua kwamba ulimtia moyoni asubuhi, ukavaa, ukatoka, bila kuwa na hakika. Simu imetuondolea safari za namna hiyo, na ni haki yake kusifiwa kwa hilo. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetamani kupanda mabasi matatu kumfuata mtu aliyesafiri kwenda Singida. Ninachosema ni kwamba zile safari za bure zilikuwa zinafanya kazi ambayo hatukuijua mpaka zilipokoma.

Mnisamehe, sijasema kwamba simu ndiyo iliyovunja urafiki. Wapo wenzangu wa rika langu ambao kila kitu wanakibebesha simu, kuanzia talaka hadi bei ya vitunguu. Mimi nafundisha Jiografia, au nilikuwa nafundisha, na kwangu mtuhumiwa wa kwanza ni umbali. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dar es Salaam ina watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikaikuta na watu 5,383,728. Watu hao hawakurundikana Magomeni. Walikwenda walikopata kiwanja: Goba, Chanika, Kibada, Mbezi ya mbali ambayo ukiambiwa Mbezi lazima uulize ni Mbezi ipi. Sisi wawili tulikuwa tumepishana mwendo wa miguu, leo tumepishana mji mzima. Siku ya kumtembelea nashuka kwanza kituo ambacho wengi mnakiita Simu 2000, jina ambalo hunichekesha kila nikilisikia, kisha nahesabu magari yaliyobaki. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwezi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, tulishangilia kwa dhati, ila Goba haiko Kimara na Chanika haiko Kivukoni.

Na nyumba nazo zimegeuka. Baraza limekuwa ukuta. Tulipojenga, sote, na mimi nikiwemo, fedha ya kwanza iliyobaki baada ya kuezeka tuliipeleka kwenye ukuta na geti, na juu ya ukuta wengine tukapanda vipande vya chupa. Hodi haina mahali pa kusimama. Ukisema hodi mbele ya geti la chuma lenye urefu wa mita mbili, anayekusikia ni mbwa. Kwa hiyo simu ndiyo imekuwa hodi yetu: "Nipo getini, nifungulie." Mwaka jana nilikwenda kwa ndugu yangu mmoja huko Kibada na simu ikazima nikiwa nje kabisa ya nyumba yake. Nilipiga geti kwa jiwe. Nikamwuliza jirani, kijana mstaarabu tu, kama jamaa huyu yupo. Akanijibu kwamba hamfahamu kwa jina hilo. Nilipomweleza gari lake lilivyo, akasema, "Aah, Baba Junior! Huyo ametoka asubuhi." Ndugu yangu ana mtoto wa kiume kweli, lakini mtoto yule haitwi Junior. Gari tu ndilo lililofahamika vizuri. Kwenye mwimo wa geti lile kilikuwepo kibao safi cha namba ya nyumba, kutoka ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, na pale kwenye kona palikuwa na nguzo yenye jina la mtaa. Nilikuwa nimefika mahali penyewe hasa, kwa usahihi ambao sikuwahi kuupata Magomeni, na hapakuwa na mtu wa kumwachia neno.

Nirudi kwenye simu, kwa sababu nina jambo jema la kuisema, na jambo lenyewe ni kubipu. Vijana hamkulijua vizuri. Muda wa maongezi ulipokuwa ghali na vocha inakwanguliwa kwa ukucha mpaka tarakimu zinafutika, tulikuwa tunapiga na kukata kabla hajapokea. Mlio mmoja: nimefika salama. Miwili: nipigie wewe mwenye uwezo. Na kulikuwa na ile ya jioni ambayo haikuwa na ujumbe wowote; unambipu mtu, anakubipu, mnalala. Ukimwuliza kesho yake, "Jana ulinibipu, kulikuwa na nini?" anakujibu, "Nilikuwa nakusalimu tu." Wengine waliona ni ubahili. Mimi naona kwamba ilikuwa ni ile ile "nilipita, sikukukuta" katika umbo jipya: neno lisilo na haja, linaloachwa mlangoni. Tulijua kuitumia simu kwa namna yetu kabla haijatufundisha namna yake.

Kisha ukaja mtandao wa bei nafuu, na WhatsApp, na mwezi Novemba 2014 zikaja tiki mbili za bluu. Hapo mambo yalipinduka kwa namna ambayo kwa mwalimu inafurahisha kuichunguza, japo kwa rafiki inauma. Zamani asiyenikuta alikuwa na uhakika kwamba sikuwepo. Leo anayeniandikia anajua kwamba nimesoma, anajua saa ngapi nimesoma, na kama sijajibu anabaki na maswali ambayo barazani yasingekuwepo, maana kule barazani angeambiwa na mama mwenye nyumba, "Huyo leo kaamka na homa, muache." Tumepata ushahidi wa kila kitu isipokuwa sababu. Nimeona watu wazima, watu wenye wajukuu, wamenuniana miezi kadhaa kwa tiki mbili.

Juzi nilikaa nikapitia majina yaliyomo kwenye simu yangu. Yako 614. Mengi si majina ya watu. Ni kazi na mahali: Fundi Bomba Mwananyamala, Mama Samaki Feri, Boda Mzuri, Boda Mzuri Mpya, Maji Dumu, Kinyozi wa Zamani. Mji unanihudumia kupitia orodha hiyo, na sina dharau nayo. Boda mzuri akipatikana anahifadhiwa. Ila nilipofika kwenye jina la rafiki yangu huyu wa Chanika, nikaona kwamba mbele ya jina lake nimeandika "Tabata". Alihamia Tabata akitokea Ilala, na Tabata penyewe amekwishahama miaka mingi iliyopita. Nimekuwa nikimpigia mtu huyu kila wiki, kila mara nikigusa neno Tabata, bila kuliona. Kama ningekuwa naenda kwake, miguu ingenisahihisha.

Tabata ile ndiyo inanikumbusha mafuriko ya Desemba 2011. Wengi mnayakumbuka, bonde la Msimbazi lilijaa, Jangwani hapakupitika, nyumba za bondeni zikaingia maji mpaka madirishani. Bado nilikuwa Magomeni, safari hii upande wa chini, karibu na bonde. Tulitoka usiku na watoto, tukapanda kwa shangazi yangu Kinondoni, na simu yangu ilibaki majini pamoja na vyeti vyangu vya ualimu, ambavyo ni hadithi nyingine na ofisi nyingine. Rafiki yangu alinipigia siku mbili mfululizo, na mara zote akaambiwa na yule dada asiyechoka kwamba namba hiyo haipatikani kwa sasa. Maji yalipoanza kupungua alikunja suruali, akatoka Tabata, akapita Kigogo kwa miguu, akafika nyumbani kwetu. Alikuta godoro letu limening'inia kwenye mti wa mwembe na jirani anatoa tope kwa sufuria. Mimi sikuwepo. Niliporudi siku ya pili kuangalia kilichobaki, jirani yule, mikono imejaa tope, aliniambia: "Mwalimu mwenzako wa Tabata alipita, hakukukuta. Ameacha hii." Alikuwa ameacha shati moja, kilo mbili za unga wa sembe, na kandambili.

Angeweza kungoja nipatikane hewani. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilikuwepo nchini tangu mwaka 2008, na baadaye fedha alinitumia pia, kiasi ambacho sitakitaja mbele ya mke wangu. Nilizitumia fedha zile zikaisha. Ile habari ya kwamba alipita ninayo mpaka leo.

Sasa naomba tuangalie misiba, maana shemeji hakuuliza swali lake kwa bahati mbaya. Msiba ndiyo safari pekee ya ghafla tuliyobaki nayo. Turubai likifungwa mtaani hakuna anayepiga simu kuuliza, "Uko nyumbani nije?" Unakwenda. Geti liko wazi siku tatu, watu wanaingia bila hodi, wanaume wanakaa nje kwenye viti vya plastiki, akina mama wako ndani kwenye mikeka, na mnapokutana pale mnashikana mikono na kuambiana lile neno ambalo siku hizi tunalisema huku tukicheka kidogo kwa aibu: "Jamani, siku hizi tunaonana misibani tu." Limesemwa hata leo hapa, pale kwenye meza ya kujiandikisha, nimelisikia. Kwa hiyo mama yule, alipoona mtu wa siku nyingi amesimama getini bila simu, alifanya hesabu sahihi kabisa.

Kundi letu la chuo lina watu 187, na nawashukuru viongozi wanaolisimamia, kazi ngumu isiyo na posho. Kwa kundi hilo tumesomesha watoto wa mwenzetu aliyetangulia, tumelipia matibabu, tumechangia harusi ambazo nyingine zimekwisha na ndoa zake. Yupo mwenzetu aliyeko Muscat ambaye hajakosa mchango hata mmoja. Mambo hayo yasingewezekana kwa miguu. Lakini naona kwamba kundi limetufundisha kuhudhuria bila kufika. Mtu akifiwa, inashuka "pole sana" ya kwanza, inafuatwa na nyingine mia na ishirini, nyingi zimenakiliwa na kubandikwa, hata kosa la herufi la mtu wa kwanza linasafiri na wote. Mwaka juzi mmoja wetu alifiwa na mama yake, akaniambia baadaye kwamba usiku ule alizima simu kwa sababu ilikuwa inalia pole mpaka hawezi kulia yeye.

Mtaniuliza, basi tufanye nini, tukatupe simu Feri? Sina mpango wa taifa. Wengine wenu mna wazazi wagonjwa mikoani, na simu kuwa karibu ni wajibu. Wengine wenu, hasa akina mama, mtaniambia kwamba mgeni wa ghafla ni raha ya mwanaume aliyeketi na ni kazi ya mwanamke aliye jikoni, na mtakuwa mmesema kweli. Ile mikono yenye unga haikuwa yangu wala ya rafiki yangu. Niliporudi kutoka Chanika nilimweleza mke wangu yote haya, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hana neno na wageni wa ghafla mradi tu wakija mimi ndiye nitakayepika. Nimekubali. Kwa hiyo nilimwambia rafiki yangu kwamba kwangu hakuna haja ya kupiga simu kabla ya kuja, na kwamba asipofanya hivyo hakuna atakayeuliza nani amefariki. Alicheka, akasema sawa, na mimi nikajua ni ile "sawa" ya kumaliza maongezi.

Wiki tatu zilipita. Jumamosi moja nilikwenda Mbezi kununua mabati ya banda la kuku, nikachelewa kwa sababu ya foleni, na kwa sababu mwenye duka alikuwa na jambo la kunieleza kuhusu mwanawe. Niliporudi jua limekwisha kuzama. Mke wangu alikuwa uani anaosha sufuria, na kwenye kamba ya nguo nikaona taulo la wageni linakauka. Nilitoa simu mfukoni nikaangalia. Hapakuwa na simu niliyoikosa wala ujumbe. Mke wangu hakunyanyua kichwa. Akasema, "Rafiki yako wa Chanika alipita. Hakukukuta."

Ahsanteni kwa kunisikiliza.